Kipimo cha Pili

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua lakini mdomo mzima, jana kamtimua muuza sabuni. Wewe je, afya yako? Simu zangu hupokei, basi naandika. Karatasi huwezi kuikata kama simu.

Gari la baba linazima. Nimelifunua turubai mwezi uliopita nipelekee sare za shule, maana wateja wote wa duka lake la ushonaji sasa ni wangu na cherehani haina magurudumu. Linawaka vizuri, linakwenda vizuri, likifika kwenye kona ya mwinuko, palepale lori lilipomgonga baba, linakata. Halikohoi wala halitetemeki, linanyamaza tu. Nakaa robo saa, nazungusha ufunguo, linawaka kama vile halikufanya kitu.

Limefanya hivyo mara nne. Mara ya nne nilishuka nikafungua boneti, ndipo nikakumbuka kwamba ndivyo alivyosimama yeye, kainama, mgongo barabarani. Niliruka mtaroni, kaka. Naogopa.

Mama anasema baba ndiye anayelisimamisha. Anataka liuzwe chuma chakavu. Mafundi wawili wamelitazama, wote wanasema gari ni zima. Wewe ndiye fundi wake, unayelijua. Miaka mitatu hujatia mguu hapa tangu tumzike, na leo sikuulizi kwa nini. Niambie tu nifanye nini.

Mdogo wako,
Sindano

19 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua imefika. Mimi mzima, nashukuru. Mama mpe shikamoo yangu, na huyo muuza sabuni mpe pole.

Marehemu hazimi magari. Tazama kwenye injini, juu, pembeni: kuna kitu cheusi ukubwa wa kidole gumba, kina plagi ya waya. Hiyo ni sensa, yaani kihisi, ya kemshafti. Kemshafti ni ule mhimili unaofungua na kufunga vali. Sensa inaufuata unavyozunguka na kuipasha habari kompyuta ya gari. Sensa ikinyamaza, kompyuta haijui lini itie mafuta, inazima kila kitu. Kuna zinazougua zikipata moto tu. Zikipoa zinapona, na hapo ndipo zinapomdanganya fundi.

Unaanzia dukani kila siku, sivyo? Basi injini inashika moto ukifika pale konani. Kesho pita njia nyingine uone. Halafu azima mita ya kupimia umeme, chomoa sensa, pima. Kisha ipulizie kile kikaushio chako cha nywele dakika kumi, upime tena. Sikia vizuri: upime IKIWA YA MOTO. Usipime ya baridi ukaridhika.

Na boneti usifungue barabarani. Kamwe.

Kaka yako

27 Machi

Kaka,

Shikamoo, na asante! Sisi wazima, na leo hata miguu ya mama ina nafuu.

Nilipita njia nyingine. Likazima mbele ya duka la mikate, mchana kweupe, watu wananitazama. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nyumbani nikapima: ikiwa baridi, mita ikatoa namba nzuri tu. Nikaipulizia moto, namba zikaruka ruka, kisha hazikuonekana tena. Mama alikuwa kashika waya. Akasema, "Kumbe si yeye," akaingia ndani, nikamsikia analia.

Kaka, mbona ulijua bila kuliona? Baba alikuletea gari wiki ile ya mwisho. Nakumbuka alirudi akasema umelipima na ni zima.

Sindano wako

10 Juni

Mdogo wangu,

Samahani kwa kimya. Natumai hamjambo. Barua hii nimeichana mara tatu.

Alilileta jioni, akalala kwangu. Asubuhi gari lilikuwa limelala nje, injini baridi kama jiwe. Gereji imejaa wateja. Akasema, "Mwanangu, linazima." Nikachomoa ile sensa, nikaipima, namba nzuri. Nikamwambia mbele ya watu, "Gari zima, mzee, ni mguu wako umechoka na klachi." Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Alitulea kwa neno moja: pima mara mbili, kata mara moja. Nami nilipima mara moja.

Siku ya nane mkanipigia simu. Tangu hapo sijafungua boneti. Nauza rangi za nyumba. Akija mzee akasimama nyuma yangu, shingo inakataa kugeuka. Umefurahi kwamba si mzimu. Mimi ningependa iwe ni mzimu.

Mwambie mama au usimwambie. Kuja siwezi.

Kaka yako

18 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimemsomea mama barua yote. Aliiacha chai yake, akainuka. Kisha akafungua sanduku, akatoa daftari la baba la vipimo. Tangu azikwe hakuna aliyelifungua. Kurasa za mwisho, katikati ya nyonga za mwalimu na mabega ya bwana harusi, kuna mwandiko wake wa penseli. Nakunakilia.

"Jumatatu. Limezima. Mshale wa joto katikati. Robo saa, likawaka."

"Alhamisi. Limezima. Mshale katikati. Si mguu."

Na siku ile yenyewe:

"Likiwa baridi halina kosa. Alipima asubuhi, hakukosea, ni kipimo cha kwanza tu. Leo nimpelekee likiwa la moto. Niende jioni, wateja wakiondoka, asione haya."

Alikuwa anakuja kwako, kaka. Mama anasema, "Mwambie hakuwa na kinyongo. Na mwambie mimi bado nipo hai, aje anione."

Sensa mpya nimenunua. Iko juu ya cherehani ya baba. Sijaifunga.

Sindano

2 Julai

Sindano,

Mama shikamoo.

Usiifunge. Nafika Jumamosi kwa basi la mchana. Nikute gari limeunguruma mpaka mshale uwe katikati, liwe uani, boneti wazi, na mita tayari. Mama mwekee kiti karibu. Ile ya zamani nataka niipime mwenyewe, ikiwa ya moto.

Na daftari liacheni wazi kwenye ukurasa ule. Nina kipimo cha kuandika chini yake.

Mwanawe, kaka yako