Mawe Chini ya Mkwaju

Mangarivotra, Mahajanga
Julai 9, 1979

Mwanangu mpenzi Fahardine,

Salamu nyingi zikufikie huko Marodoka, Nosy Be, wewe na mama yako mdogo Koulsoum. Kifua kimepona? Yale maji makali ya tindikali unamolaza bamba la shaba la kuchapia picha yana moshi mbaya, fungua dirisha, mwanangu. Mimi mzima, ila usingizi sina.

Picha yako ya malisho ya Belobaka imefika. Niliifungua jirani yetu Zalifa yupo. Akacheka, akasema ng'ombe wako wamenona kuliko wale wa kweli, labda huko Nosy Be mnawalisha wino. Akaipigilia ukutani. Ningemkatalia vipi?

Juzijuzi mwenye ng'ombe hao alileta maziwa, kama kila asubuhi, akaiona. Akataja ng'ombe mmoja mmoja, akausifu mkono wako. Halafu akaweka kidole chini ya mkwaju wa pichani, kwenye ule weusi, akauliza nani amekuonyesha pale. Nikasema wino umemwagika tu. Akauliza unakuja lini. Ukija, atakupeleka huko mwenyewe, wawili tu, ukachore vizuri. Tangu siku hiyo kibuyu changu anakijaza mpaka kinafurika. Picha siwezi kuishusha. Ataona imeshushwa.

Uliandika kwamba weusi huo hukuuchora, hujui umetoka wapi. Ni mimi, mwanangu. Ulipokuwa hapa, umekwenda sala ya Ijumaa, nililitazama bamba lako lililopakwa nta. Nikaona umechora kila kitu, hata yale mawe chini ya mkwaju. Nikachukua msumari nikayakwaruza, nikidhani nayafuta. Sikujua kwamba nta ikitoka ndipo maji makali yanapokula shaba, na hapo ndipo wino unapokaa. Nimelijua hilo kwenye barua yako.

Baba yako hakupanda meli ya Ngazidja. Nilikudanganya. Siku zile tulipowindwa hapa mjini sisi Wakomoro, alikimbilia Belobaka kwa rafiki yake huyo wa maziwa. Mjomba wako Saindou, amejificha majanini, alimwona rafiki huyo akimuua, akimfukia chini ya mkwaju, akipanga mawe hayo juu yake. Akaniambia mimi peke yangu, kisha akaondoka. Miaka yote hii namfungulia yule mtu mlango nikitabasamu, adhani sijui, ili wewe uishi.

Usije Idi. Lisugue bamba hilo mpaka lisibaki na alama.

Msalimie Koulsoum na watoto. Mwenye maziwa naye anakusalimu. Kila asubuhi anakusalimu.

Mimi mama yako,
Echata