Mafuta Kwenye Breki za Muuguzi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamke, anajulikana kwa jina la Bi Spoku
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi baiskeli
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya karakana yake, chini ya mteremko

Nimekuwa fundi baiskeli kwa miaka ishirini na sita. Kazi hii nilifundishwa na marehemu mume wangu. Jina la Bi Spoku, kutokana na spoku, zile njiti za gurudumu, nilipewa kwa dhihaka, siku hizi naitwa hivyo kwa heshima, nami naitika kwa vyovyote.

Muuguzi wa zahanati na mumewe, ambaye ni seremala, ni majirani zangu. Wanakaa juu ya mteremko. Muuguzi huenda kazini kwa baiskeli ya milimani, ile yenye gia nyingi. Mwezi uliopita mumewe alinunua matairi mapana yenye meno, akaniambia nimfungie mkewe, kwa sababu barabara yao ina kokoto na yale ya zamani yalikuwa yamelika hadi yakawa laini.

Mnamo tarehe 9 ya mwezi huu, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, seremala alikuja karakana bila baiskeli. Nilikuwa nanyoosha rimu iliyopinda, kazi isiyotaka kuinua macho. Aliniuliza afanye nini, maana baiskeli ya mkewe inalia. Nilimjibu, "Kinacholia ni kikavu. Kipake mafuta." Nilidhani anasema mnyororo. Sikumuuliza. Alichukua kichupa cha mafuta, akashukuru, akaondoka.

Jumatatu tarehe 11, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa nafungua milango ya karakana. Nikasikia sauti ya muuguzi ikitokea juu, "Pisheni! Pisheni!" Alikuwa anashuka kwa kasi, vidole vimebana breki zote mbili. Mbele yake mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa anavuka barabara taratibu. Muuguzi aligeuza usukani, akaingia kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Yule mzee hakuguswa.

Nilimkuta chini, kidevu kinatoka damu. Alikuwa ameshika bega, na ndiye aliyeniambia kwa utulivu kwamba mfupa wa mtulinga umevunjika, nisimwinue kwa mkono huo. Kisha akasema, "Breki hazikushika, mama. Zote mbili."

Kaka yake alifika, akaichukua baiskeli na kuileta kituoni. Nilisikia kwamba aliwaeleza askari kuwa shemeji yake na dada yake waligombana juu ya baiskeli hiyo, na kwamba shemeji aliwahi kutamka mbele yake, "Ipo siku baiskeli hii itakukomesha." Seremala alikamatwa siku hiyohiyo jioni.

Leo Jumatano, tarehe 13, saa tatu asubuhi, sajenti aliniita kituoni niikague baiskeli. Waya za breki hazikukatwa. Nati zote zilikuwa zimekazwa. Breki za baiskeli hii hazibani rimu. Zinabana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Nilipitisha kitambaa cheupe kwenye sahani ya mbele, kikatoka na mafuta. Ya nyuma hivyo hivyo. Nilifungua pedi, yaani vile vipande vinavyoibana sahani, nikakuta zimelowa. Pedi ikinywa mafuta haifai tena, hutupwa. Na mafuta hayakuwa hapo tu. Yalikuwa kwenye mnyororo, kwenye pedali, kwenye kila spoku, hata kwenye kengele. Nilimwambia sajenti kwamba mtu anayetaka kumuua mkewe hahangaiki kulainisha kengele.

Sajenti aliuliza mtu wa kawaida angejuaje kuwa breki zimeharibika. Nilimwonyesha pale pale uani. Kabla ya kutoka nyumbani, bana breki ya mbele uisukume baiskeli, kisha bana ya nyuma ufanye vivyo hivyo. Gurudumu likizunguka, usipande. Mafuta ni ya mnyororo, tone moja kila kiungo, halafu unafuta yanayobaki.

Seremala aliletwa, na kaka wa muuguzi alikuwapo. Seremala alieleza kwamba Jumapili jioni aliipindua baiskeli, akapaka mafuta kila mahali, akazungusha magurudumu. Kelele za breki zilikwisha, akafurahi. Kuhusu yale maneno yake alisema kweli aliyasema, kwa sababu mkewe alikuwa anashuka mteremko ule kwa mwendo wa kutisha, na yeye huku nyuma hubaki na roho mkononi.

Aliniuliza, "Kwa hiyo, fundi, ni mimi niliyemvunja?"

Nilimjibu mbele ya wote kwamba alifanya nilivyomwambia. Aliketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa viganja. Kaka wa muuguzi akaketi karibu naye, akamwambia, "Shemeji, twende ukamwone. Tangu jana anakuulizia, na mimi sikukuletea salamu."

Hakuna aliyenilazimisha kusema haya. Mteja aliniuliza swali, nikajibu nisichoulizwa kwa kuwa nilikuwa na haraka. Kuanguka kwa muuguzi ni kosa langu. Baiskeli hiyo nitaitengeneza, na mumewe atakuwa amesimama pembeni yangu mpaka ajue kila kipande kinafanya kazi gani.

Nimesema nilichokiona, nilichokishika na nilichokitamka kwa kinywa changu.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo haya yameandikwa na mimi, sajenti wa zamu, na kusomwa kwa shahidi saa tano na robo asubuhi. Karibu na mwisho wa maelezo niliandika awali "bahati mbaya". Shahidi alikataa kutia saini hadi nilipoyakata maneno hayo na kuandika "kosa langu". Mume ameachiwa huru.