Mwaitu Halii

Jumapili, saa tisa mchana. Baridi ya Julai imetukalia Machakos. Milima haijaonekana tangu asubuhi, nguo nilizoanika Ijumaa bado zinanuka unyevu, na mimi nimeenda kanisani nimevaa soksi jozi mbili. Nina jambo la kukiri.

Miezi miwili iliyopita niliandika hapa hapa kwamba nimefaulu kulea. Anayetaka kucheka arudi akasome. Nilisema binti yangu ana miaka minane na kilio chake nimekisahau. Anaamka mwenyewe, anajipaka mafuta, anakula alichopakuliwa. Jioni nikirudi kutoka saluni, miguu imevimba kwa kusimama kutwa nikisuka vichwa vya watu, ananiletea beseni la maji ya moto yenye chumvi, anakaa chini, ananisugua nyayo. Kisha ananiuliza, "Mum, uko sawa?"

Nikaandika kwamba mtoto mwenye furaha hasumbui. Wasomaji wakaniuliza siri, nami, kichwa kikiwa kimevimba kuliko miguu, nikawapa ushauri.

Siri yenyewe ni hii.

Binti yangu ana jina la mama mkwe wangu. Ndivyo tunavyofanya Ukambani, msichana wa kwanza anapewa jina la nyanya mzaa baba. Na mimi, kwa heshima, siwezi kulitamka jina la mama mkwe. Kwa hivyo tangu akinyonya namwita Mwaitu, yaani mama, vile vile ninavyomwita nyanya yake. Hilo halina ubaya. Baba yangu aliniita hivyo hivyo, na nilijiona malkia wa boma letu.

Kosa ni yale niliyoongezea mimi.

Mama mkwe anajulikana Kathiani kwa kutolia. Siku aliyomzika mumewe alisimama wima mpaka udongo wa mwisho, halafu akaenda kuangalia kama chai ya wageni imeiva. Familia nzima inaisimulia hadithi hiyo. Basi mtoto wangu alipodungwa sindano ya kwanza akaangua kilio, nikamtikisa kidogo nikamwambia, "Nyamaza, Mwaitu halii." Wauguzi wakacheka. Akanyamaza. Nikaona nimepata dawa.

Akijikwaa, Mwaitu halii. Baba yake akiondoka kurudi Lukenya kwenye kazi ya mawe, naye amemshika suruali mlangoni, Mwaitu halii. Dawa ilifanya kazi kuliko peremende.

Na mimi nililia. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nililia mbele yake mara nyingi: mteja akinitukana, baba yake asiposhika simu, mgongo ukikataa kunyooka. Nilimweleza yote, na yeye alinifuta macho kwa mkono wa sweta lake la shule. Nilikuwa nimejipatia rafiki, mama na mkandaji miguu, wote ndani ya mtoto wa gredi ya tatu.

Alhamisi asubuhi nilimwona akivaa sweta kwa mkono mmoja akisaidiwa na meno. Nilidhani ni mchezo. Nikamshika mkono wa kushoto nimsaidie, na uso wake ukabadilika rangi. Hakutoa sauti. Kifundo kilikuwa kimevimba, ngozi inang'aa.

Hospitalini daktari aliuliza ameumia lini. Nikajibu haraka, "Jana." Mtoto akamwangalia daktari, akasema kwa upole kwamba ni Jumanne, alisukumwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Daktari hakunisema. Aliandika tu. Afadhali angenisema.

Mfupa ulikuwa umevunjika. Siku mbili alilala nao, aliamka nao, alibeba nao beseni langu.

Tukingoja plasta ikauke nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Jumanne ulikuwa umechoka," akasema. "Na jana ulikuwa unalia."

 

Nimewaza sana tangu hapo, na hofu yangu ni moja. Mkono utapona, daktari amesema. Lakini huyu mtoto amejifunza kunificha. Siku atakapopatwa na jambo kubwa kuliko mkono, akiwa na miaka kumi na minne au kumi na sita, atajikaza kisabuni, atanitabasamia na kuniuliza kama niko sawa. Nami nitaandika hapa kwamba nina mtoto mwenye furaha.

Jana tulienda Kathiani. Nilienda kukiri kabla habari hazijafika zenyewe, na nilijua nitakemewa. Mama mkwe alikuwa uani akipukuchua maharagwe. Nikamweleza kila kitu, hata lile neno langu la kumnyamazisha mtoto, nikitazama chini.

Aliacha maharagwe.

"Nani aliwaambia mimi silii?"

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba watu wote wanasema hivyo.

"Nililia mwaka mzima. Nilikuwa nalia asubuhi nikikamua, nimeweka kichwa kwa ng'ombe. Watu mliona chai tu." Akatikisa kichwa. "Na hakuna mtu alikuja kuniuliza. Mlikuwa mnanisifu."

Miaka kumi na moja nimeolewa katika boma hilo. Nimekula chakula chake, nimemsuka nywele kwa mikono hii, na sikuwahi kumuuliza.

Akamwita mtoto. "Kuja hapa, wewe. Hebu nionyeshe, iliuma wapi?"

Binti yangu alinitazama mimi kwanza. Alikuwa anangoja ruhusa. Nimeona mengi maishani ila jicho lile sitalisahau. Nikaitikia kwa kichwa.

"Hapa," akasema. Kisha akalia.

Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kuku walihama ua. Aliulilia mkono, alimlilia yule msichana aliyemsukuma, alizililia kalamu zake za rangi zilizopotea muhula uliopita, alimlilia baba yake ambaye hakuja siku yake ya kuzaliwa. Maneno yangu yale ya zamani yalipanda mpaka kwenye ulimi na nikauma ulimi. Susu, nyanya yake, alimkumbatia tu, akimpangusa kamasi kwa ncha ya leso, akisema, "Ii, ii, endelea."

Mimi nilienda nyuma ya jikoni nikalia peke yangu. Sikukaa sana kabla mama mkwe hajanifuata huko, maana kwake hakuna pa kujificha.

"Ukiwa na maneno, njoo kwangu ama unipigie simu," akaniambia. "Niko na nafasi, na ng'ombe nilishauza. Huyu mtoto mwache acheze."

Nilicheka huku nalia, jambo ambalo halimpendezeshi mtu usoni.

Sasa ushauri wangu wa kulea umekwisha, mtaniwia radhi. Nimebaki na machache ninayojua kunihusu. Nilitaka mtoto mwenye furaha kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtoto asiyelia hupumzisha. Nilimpa huzuni zangu kwa kuwa alikuwa karibu na hakunikatalia. Nampenda kupita kiasi, na haya yote nimeyafanya nikimpenda. Furaha yangu sitamdai yeye tena. Saluni nitafunga mapema kila Jumatano, hata wateja wakinuna, na yale ya mgongo na ya mume yatasikilizwa na mtu aliyekwisha kukomaa.

Lakini mazoea ni mazoea. Leo tuliporudi kutoka kanisani nilijitupa kwenye kochi, nikavua viatu, na kabla sijajua ninasema nini nikasikia sauti yangu: "Mwaitu, niletee beseni."

Mtoto mwenye plasta! Nilitaka ardhi inimeze.

Yeye alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia, anachora maua juu ya plasta yake kwa kalamu ya wino. Hakuinua kichwa.

"Sitaki," akasema. "Mkono unauma na bado nachora."

Ni mara ya kwanza kunikatalia kitu. Nilikaa pale nimeshika kiatu, moyo unanidunda kwa furaha.

Maji nilijichotea mwenyewe. Naandika haya miguu ikiwa ndani ya beseni, na maji yameanza kupoa. Yeye amefika kwenye ua la nne. Amelalamika kwamba plasta inawasha, kwamba kuna baridi, kwamba chai haina sukari ya kutosha. Hajaniuliza kama niko sawa.