Sanduku la Samaki wa Mti

Kaisho, 11 Februari 2024

Shemeji Elipidius, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima huko Kituntu, na kwamba ni masikio tu yaliyokugomea. Sisi hatujambo. Migomba imeshika vizuri, ila goti langu linabashiri mvua kuliko redio. Nimempa barua dereva wa bodaboda anayesali kwetu, maana kukupigia simu wewe ni sawa na kuubishia mgomba hodi.

Juzi nilifungua lile sanduku la chambo uliloniachia ulipohama, nikawaanika samaki bandia wote juani. Kijiko cha shaba cha yule mzungu aliyejenga barabara bado kinang'aa. Yule tuliyemwita Bibi Harusi amebanduka rangi. Ile risasi ya ndoana yenye manyoya ya mbuzi imeliwa na nondo. Lakini Padri! Yule samaki wa mti uliyemchonga kwa mti wa musizi, ukampaka weusi mwili mzima na kumvisha ukosi mweupe shingoni, bado ana alama za meno ya kila kambare. Unakumbuka siku alipomezwa na kukata mshipi? Marehemu dada yangu Joanitha alipiga magoti matopeni akaupigia mto kelele: "Mrudishe mtumishi wa Mungu!" Na jioni yake tukamkuta kambare yuleyule amekwama kwenye mafunjo, Padri mdomoni.

Siku hizi navua na jirani yangu Tuyizere, mume wa Nikuze. Ni wageni hapa, wanalima kibarua. Anarusha chambo kama wewe ulivyokuwa ukirusha, bila kelele.

Sasa jambo zito. Kuna watu wanamwaga dawa ya nyanya mtoni wapate samaki bila jasho. Samaki wanaelea matumbo juu, na ndama wa hapa mtaani alikunywa maji hayo akafa akitoka povu. Tuyizere aliwakuta akaipiga teke ndoo yao. Mmoja akamwambia, "Tutakukata." Aliyesema hivyo ni Rwegoshora wako. Mimi mjomba wake nikimkanya ananichekea. Zungumza naye wewe, ni mwanao.

Shemeji yako,
Byabato


Kituntu, 20 Februari 2024

Shemeji Byabato, marahaba.

Mimi sijambo. Kahawa imechanua, nyumba kimya, na kwangu kila nyumba ni kimya. Umenichekesha na habari za Padri. Ukosi wake niliuchora kwa rangi iliyobaki tulipopaka kanisa, na katekista alinisema wiki nzima. Usimfunge kwa mshipi mwembamba. Ana tabia ya kuyumba kushoto, mvute polepole mpaka atulie.

Kuhusu Rwegoshora, umekosea mtu. Mwanangu ananunua maharage Mabira na kuyauza. Wakati wa Krismasi alikuja hapa, akanikata nywele kwa mkono wake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo haendi kumwambia mwenzake atamkata. Kijana akinunua pikipiki watu huanza kumtafutia dhambi. Na huyo Tuyizere, ni nani hata apige teke vitu vya watu? Mwambie atulie.

Nisalimie wote.

Shemeji yako,
Elipidius


Kaisho, 17 Machi 2024

Shemeji, shikamoo.

Sitakuuliza afya na wewe usiniulize. Mbavu zangu zimefungwa kitambaa na ninaandika nimelala.

Tuyizere amekufa. Tulimzika jana.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, jua limeshatoka. Tulikuwa ukingoni, mimi nikimrusha Padri, Tuyizere akitumia kile kijiko cha shaba. Walitokea kwenye mafunjo, watatu, wa mbele Rwegoshora. Hakuwa amelewa. Alinisalimia, shemeji. Alisema, "Shikamoo mjomba, kaa pembeni." Kisha akamgeukia Tuyizere. "Leo ipige teke tena ile ndoo."

Tuyizere aliinua mikono yote miwili. Akasema, "Ndugu yangu, nina watoto." Panga likashuka kwenye mkono, tena begani. Alianguka kwenye maji ya kina kifupi na Rwegoshora akamfuata humo humo akiendelea kukata. Maji yalibadilika rangi mpaka kwenye miguu yangu.

Mimi ni mzee, sikuwa na silaha. Nilikuwa na ufito mkononi, na Padri mwisho wa mshipi. Nilimrusha. Ndoana zake zote tatu zilizama kwenye shavu la mwanao. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nilisikia nyama ikipasuka. Nilivuta tena, na ningevuta mpaka kichwa kitoke, kama wale wawili wasingenifikia kwa rungu. Walinipiga mpaka nikameza matope. Rwegoshora aliukata mshipi kwa panga lilelile, akakitia kile kijiko cha shaba sandukuni, akalichukua, akaondoka Padri akining'inia usoni mwake.

Nilimburuta Tuyizere hadi nchi kavu. Alikuwa bado anapumua. Aliniuliza kama Nikuze amekwisha toka shamba. Nikamwambia ndiyo, anakuja. Haikuwa kweli.

Polisi wanamtafuta. Akija kwako, mkabidhi.

Byabato


Kituntu, 21 Machi 2024

Byabato,

Mwanangu yupo hapa. Shavu limepasuka hadi kwenye fizi, nimelishona mwenyewe kwa sindano ya magunia kwa sababu anaogopa hospitali. Anasema ninyi ndio mliomvamia, mkataka kumnyang'anya pikipiki, na huyo mtu wenu aliangukia panga katika purukushani. Wewe umeandika kwa mkono wako kwamba ulitaka kumng'oa kichwa mtoto wa dada yako. Joanitha amesikia huko aliko.

Usiniandikie tena.

Elipidius


Kituntu, 14 Aprili 2024

Shemeji Byabato,

Nilikwambia usiniandikie, na mimi ndiye ninayeandika. Mwandiko ni mbaya kwa kuwa natumia mkono wa kushoto. Natumaini mbavu zinaunga. Kama barua hii hutaki kuisoma, nitaelewa.

Rwegoshora alikaa kwangu siku kadhaa. Nilimpikia uji, nikamlisha kwa kijiko, maana hakuweza kutafuna. Siku moja alipokuwa chooni niliinua begi lake nifagie, likawa zito. Ndani nilikuta sanduku letu. Bibi Harusi, ile risasi, na kijiko cha shaba chenye damu iliyokauka kwenye pete yake. Padri hakuwamo. Chini ya hao, chupa mbili za dawa ya nyanya. Mwanangu halimi nyanya.

Nilivipanga vyote mezani nikamsubiri. Alipoingia nilimuuliza, "Huyu Tuyizere aliangukia panga mara ngapi?"

Unajua nasoma midomo. Kwa lile shavu midomo yake ilikuwa imepinda, lakini nilisoma kila neno. Alisema, "Baba, yule ni mtu wa kuja. Nani atamlilia?"

Nilimpiga kofi juu ya nyuzi nilizoshona mwenyewe. Akanishika mkono wa kulia, akauweka kwenye ukingo wa meza, akaukandamiza mpaka ukavunjika. Alikuwa ananitazama usoni wakati akifanya hivyo. Kisha akanipiga mateke tumboni na kuondoka na begi. Nilitambaa hadi mlangoni nikapiga ukelele. Mtu asiyesikia hajui ukelele wake una nguvu kiasi gani, lakini watu walitoka mashambani kila upande.

Walimkamata kwenye kahawa yangu. Walimfunga kwa kamba ya ng'ombe na kuanza kumponda kwa mawe. Mmoja alileta petroli. Walikuwa na haki, shemeji, nilijua wana haki. Nilimwona akiita "Baba". Sikusikia, niliona tu.

Nilikwenda nikalala juu yake. Walinivuta miguu, nikamng'ang'ania kwa mkono mmoja na meno. Jiwe moja lilinipata mgongoni, jingine kichwani. Petroli ilinimwagikia shingoni. Egbert, mwenyekiti wetu wa kitongoji, ndiye aliyempokonya yule wa petroli kiberiti. Nililala hapo hadi polisi walipofika, na nilipoinuka niliwaambia askari yote aliyoniambia, neno kwa neno, mbele yake. Alinitemea damu usoni.

Sasa kila mtu ananichukia. Wengine kwa sababu nilimwokoa, wengine kwa sababu nilimsema. Ukweli ni kwamba sijui nilifanya lipi kati ya hayo kwa upendo.

Nataka kuja Kaisho nipige magoti mbele ya Nikuze. Sina jingine la kumpa. Muulize kama ataniruhusu.

Shemeji yako, kama bado unakubali niitwe hivyo,
Elipidius


Kaisho, 5 Mei 2024

Shemeji Elipidius, shikamoo.

Pole na mkono. Pole na mengine yasiyo na jina. Mbavu zangu zinaunga, ila nikicheka zinauma, na ni bahati kwamba sina cha kuchekea. Mtoni sijarudi.

Wewe bado ni shemeji yangu. Nilikasirishwa na barua yako ile fupi, hata nikaichoma jikoni. Hii ndefu nimeisoma mara nyingi. Mahakamani nitasema yote niliyoyaona, sitapunguza hata tone kwa ajili yako, wala kwa ajili ya dada yangu. Nakuambia mapema ili usinitegemee.

Jana nilikwenda kwa Nikuze. Nilimkuta anapalilia maharage, yuko peke yake kwenye mstari ambao walizoea kuupalilia wawili. Nilimsomea barua yako pale pale shambani. Nilipofika kwenye maneno ya "mtu wa kuja" alinyoosha mkono niache kusoma. Alikaa chini, akang'oa nyasi moja moja kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Endelea."

Nilipofika pale ulipolala juu ya mwanao, aliniuliza, "Angekuwa Tuyizere wangu amefungwa pale, mzee huyo angelala juu yake?"

Nilimwambia sijui. Akasema, "Hata mimi sijui. Lakini Rwegoshora ni mwanawe, na mzazi yeyote angefanya vilevile."

Nikadhani amekubali uje. Nikamuuliza siku. Alisimama, akaokota jembe lake, akalitazama kwanza kwenye makali.

"Mwandikie asije sasa," alisema. "Mwambie simchukii. Lakini uso wa mtoto hutoka kwa baba, na mimi nashinda shambani na jembe mkononi. Aje siku nitakayomwita."

Nimekuandikia kama alivyosema. Usije, shemeji. Subiri aite.

Shemeji yako,
Byabato