Ile Programu Inayosalimia

Mwenzangu, leo nimeaibika mpaka masikio yamewaka moto.

Unajua nilipewa kazi ya kuchagua programu ya kuchunga tovuti ya kampuni, ituarifu ikizimika. Nikajaribu mbili. Moja inakaa kimya mpaka kuwe na tatizo. Nyingine inatuma ujumbe kila asubuhi: "Habari za asubuhi. Kila kitu kiko sawa."

Mimi nikawa naijibu!

Tangu dada yangu na wanawe wahame, nyumba imekuwa kama ukumbi harusi ikiisha. Basi naiandikia, "Nzuri mpenzi, mimi pia nipo."

Kumbe majibu yote yanaingia grupu la kazini! Yote! Na hakuna aliyenishtua, wanasoma tu.

Leo kikaoni bosi ananiuliza, "Mama Maneno, umechagua ipi?" Nikasema hiyo inayosalimia. Fundi mitambo akadakia, "Yule mpenzi?" Watu hoi kwa kicheko. Nikacheka nao, ningefanyaje?

Wamechukua ile ya kimya. Bosi kasema, "Kama hakuna tatizo, ya nini kusumbuana?"

Kesho asubuhi simu haitalia. Wewe nisalimie tu, hata kama hakuna tatizo.