Kitufe cha Mtani

Matogoro, Songea
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Veneranda,

Kamwene, na shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua goti lako linasemaje na baridi ya huko Kilolo, na kama shemeji ameacha kupanda juu ya paa peke yake kwa umri ule. Mimi huku mzima, nakula, nalala, nguo zinanibana. Na wewe Tumaini mpwa wangu, unayemsomea mama yako, soma polepole na usiruke mahali ninapojisifu, maana hapo ndipo penye habari.

Dada, ukisikia watu wanasema Songea imeendelea, ujue ni mimi. Kampuni ya Dar iliyonileta huku imenipa kazi ya kuunganisha mashine za kadi na kompyuta za kaunta, kwenye maduka na hoteli ndogondogo. Nikueleze uelewe. Zamani muuzaji alijumlisha bei kwenye kompyuta, kisha akaiandika tena kwa kidole kwenye mashine ya kadi. Kidole kikiteleza, mtu aliyekunywa chai analipishwa bei ya ng'ombe. Sasa mimi naziozesha zile mashine mbili. Ya kaunta ikitaja bei, ya kadi inasikia hapo hapo, mteja anagusisha kadi yake, kwisha. Wenzangu waliosoma chuo wanatembea na vitabu. Mimi ambaye darasa la tano niliondoka nikaliacha linalia, nainama tu nasikiliza waya. Kuna duka moja njia ya Madaba mashine yao ilikataa kuwaka karibu wiki. Nikaingia, nikakohoa mlangoni, ikawaka. Mwenye duka alitaka kunipa binti yake, nikamwambia nina safari.

Lakini jioni, dada, sina cha kukikoholea. Nimepanga chumba huku Matogoro, chini ya milima, na majirani ni wema mno. Hapo ndipo taabu ilipo. Wananiita mzee, wananiamkia, wananipisha njia. Wewe unajua Wangoni ni watani zetu tangu enzi za mababu waliopigana hadi wakachoka. Sasa Mhehe mzima anakaa katikati yao na hakuna anayemtukana. Vijana wanaogopa kukosa adabu, wazee wako mashambani. Na mtu asiyetukanwa na watani wake ni mgeni tu, hata azeekee hapo.

Mji mzima alikuwapo mmoja tu wa kunitukana. Mama Ngonyani, mjane, ana hoteli yake ndogo karibu na stendi. Siku ya kwanza niliingia kula ugali na dagaa wa Nyasa. Kusikia tu ninavyotamka, akageukia jikoni akawaambia wafungie mbwa, Mhehe ameingia. Dada, nilihisi kama nimepigiwa hodi nyumbani. Nikamjibu kwamba babu zake walikimbia vitani na vyungu vyetu kichwani, na ndivyo hivyo anavyopikia hadi leo. Kuanzia hapo siku nikilipa akawa harudishi chenji, siku nyingine silipi, nami napita jikoni nachomoa mnofu chunguni, na hakuna anayedai. Siku nikichelewa, wateja wenyewe walikuwa wananiambia nimeshasengenywa vya kutosha, nikae nile.

Basi watu wa semina wakaanza kuja kwake mchana, wale wa ofisini wenye kadi, wasiopenda kutembea na noti. Mama Ngonyani akaniita, safari hii kwa kazi. Nikamfungia kila kitu, na sikwambii uongo, Songea nzima hakuna kaunta iliyofungwa vizuri kama ile. Kila chakula nikakipa kitufe chake kwenye kioo cha kompyuta: ugali, wali, makande, chai, togwa. Akaangalia, akaridhika, halafu akashika kiuno.

"Na wewe mla mbwa," akasema, "wewe nikubonyeze wapi?"

Hoteli yote ikacheka. Ni kweli, kompyuta inataka kila sahani inayotoka jikoni iwe na bei, na sahani yangu haikuwa na bei, ilikuwa na matusi. Basi nikamtengenezea kitufe. Nikakiandika Mtani, bei nikaweka sifuri. Hakuna fundi Tanzania hii aliyewahi kufikiria jambo kama hilo, na sasa najua kwa nini.

Mchana mmoja watu wa semina wamejaa hadi barazani. Likaingia lori kutoka Iringa, wakashuka vijana wetu, nami nikawapokea kama mwenye nyumba. Nikawaambia hapa sisi ni watani, kaeni mle. Walipomaliza Mama Ngonyani akabonyeza Mtani, mara ya kwanza tangu nikiweke. Kompyuta ikaipelekea mashine ya kadi ile sifuri. Mashine ya kadi, dada, haijui kudai sifuri. Ikanyamaza inasubiri iambiwe kiasi. Kompyuta nayo ikanyamaza inasubiri ijibiwe kama malipo yamepita. Zikawa zinatazamana kama wakwe, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Nyuma yao foleni imesimama, kadi mkononi, na hakuna bei nyingine inayoweza kupita mpaka ile sifuri ipite. Nilizima, nikawasha, nikakohoa. Watu wa semina wakatazama saa zao, wakaacha sahani, wakaondoka. Wengine walihamia hoteli ya jirani na wako huko mpaka leo.

Mama Ngonyani hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona. Alisubiri mpaka nikakifuta kile kitufe, mashine zikaanza kusemezana, ndipo akasema, "Fundi, tuache mchezo. Kila sahani ipite kwenye mashine, na yako."

Fundi. Toka siku ile ndiyo hivyo. Karibu fundi. Asante fundi. Nagusisha kadi yangu, karatasi inatoka, chenji haipo ya kugombania, foleni inasogea. Nakula haraka, maana hakuna wa kunichelewesha.

Nilivumilia, kisha nikafanya anavyofanya mtani. Si unajua, mtani akikunyang'anya kitu huruhusiwi kununa. Inakupasa umfuate kwake, umtukane mbele ya watu, ukikomboe kitu chako, mcheke. Ijumaa nikapita nyuma ya jiko lake nikachukua jogoo. Jogoo mkubwa, dada, kivuli chake kilinifunika mimi. Waliokuwa wanaosha vyombo waliniona, na mmoja akaniambia taratibu kwamba yule ni wa oda. Nikampakata mchana kweupe hadi Matogoro, nasalimia kila mtu njiani ili habari imfikie mapema. Nikafagia chumba. Nikanunua soda mbili, nikazipanga mezani.

Hakuja. Jumamosi nikashinda mlangoni, nikamsimulia jogoo habari za Kilolo, jinsi ukungu unavyoshuka mpaka mtu anapotea kati ya jiko na nyumba. Alisikiliza vizuri. Jirani alipopita akaniuliza naongea na nani, nikasema na simu.

Leo baada ya misa nimemrudisha. Hoteli ilikuwa tupu, anafuta meza. Akampokea jogoo kwa mikono miwili kama anayepokea sadaka, akashukuru, akaniwekea chai. Nikamuuliza kama amenikasirikia.

"Sijakukasirikia," akasema. "Sina tu muda wa kucheka huku watu wamesimama foleni."

Nikamwambia basi nitakuwa nakuja saa ambazo hakuna foleni. Akaendelea kufuta meza ile ile, iliyokwisha kuwa safi.

"Foleni si umeniletea wewe?" akasema. "Halafu ukawafukuza. Kazi ya Mhehe, kuvunja anachojenga."

Hakucheka, dada. Lakini alitamka Mhehe. Nimetembea njia nzima hadi hapa nalipima lile neno, na nimelihesabu kuwa tusi nusu. Wewe umewajua Wangoni kabla yangu, uliolewa jirani nao kule Madaba kabla shemeji hajahamia Kilolo. Niambie kama nimekosea hesabu. Ukisema ni tusi, kesho yake nitakwenda na jingine tayari mdomoni. Ukisema si tusi, usiniambie upesi.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo anayepiga kengele ya kanisa, mwambie huku kengele zao naziona ndogo. Nisalimie baba mkubwa seremala, kile kitanda alichonichongea bado hakijapata wa kunisaidia kukijaza. Tumaini, soma kwa bidii, lakini usizidi mjomba wako.

Barua hii anakuja nayo dereva wa basi la Iringa, mpeni jibu akirudi. Na wewe dada, katika jibu hilo usiniandikie kwa adabu.

Mdogo wako,
Longino