Kondoo wa Unga

Kesho sikukuu ya koo, 18 mwezi wa Pianopsioni

Nimechoka. Tangu asubuhi mabishano tu. Siku ya tatu ya sikukuu Kefisi wetu anaandikishwa kwenye ukoo. Kila baba anachinja kondoo madhabahuni, wanaukoo wanakula, mtoto ananyolewa nywele, jina lake linaandikwa. Bila hivyo Kefisi si raia wa Athene, basi. Mume wangu Nausikide anasema miungu haina tumbo. Eti mnaipa mifupa na moshi, nyama mnakula wenyewe, halafu mnaiita ibada!

Sawa, mwanafalsafa. Mimi nina mtoto wa miaka mitatu.

Siku ya Karamu, 19 Pianopsioni

Shemeji Hagnoni kaleta kondoo. Kanona! Nausikide kamtazama, kaingia jikoni, kakanda unga wa shayiri na asali. Kondoo wa unga! Kamwekea hata pembe.

"Huyu hana damu, Mama Kefisi. Mungu haoni tofauti."

"Mungu labda. Ndugu zako wataiona."

Kacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya Kuchinja, 20 Pianopsioni

Kaja rafiki wa mume wangu. Naye mwanafalsafa, ila huyu ana akili. Kamwambia waza utakavyo, chinja kama jirani zako. Nausikide: nitakuwa mwongo mbele ya miungu. Rafiki: na mwanao atakuwa nani mbele ya watu?

Nimelia huku naosha vyombo.

Siku ya Watoto, 21 Pianopsioni

Baba, mtoto na shemeji wameondoka alfajiri na kondoo wa unga kwenye sinia. Kondoo wa kweli wamemwacha uani. Nguvu ya kubishana sina.

Adhuhuri wamerudi. Kefisi kalala begani kwa baba yake, nywele hazijanyolewa. Nikajua hajaandikwa. Shemeji nyuma anafoka: "Wanaukoo wamecheka, shemeji! Wamelitoa sinia madhabahuni! Wamempa muda hadi jua lizame, achinje kondoo wa kweli. Na mimi siwezi kumchinjia, lazima baba mwenyewe!"

Nausikide kaketi kizingitini. Anauliza tu, nikichinja, kesho nitamfundisha nini mwanangu?

"Baba Kefisi, mimi sijui. Nataka aandikwe."

Nimemfungua kondoo, nimemtia mume wangu kamba mkononi. Nimekuja ndani kuandika kwa sababu siwezi kumtazama. Shemeji kasimama njiani na kisu.

Nachungulia. Hajainuka. Kamba hajaiachia. Anamkuna kondoo masikioni, na jua linashuka —